Taa ya Matone ya Mvua

Taa iliwaka, na Bwana Kanuni akaketi kitini.

Haikupaswa kuwaka. Jana jioni, karakana ilipokuwa tupu, alipanda paa mwenyewe na tumbo lake lote, akachomoa bomba la plastiki, akaukata waya uliopita ndani yake, kisha akalirudisha bomba kama vile hakuna aliyeligusa. Leo mvua inapiga bati, na ile taa ndogo juu ya meza inawaka. Imetulia tuli, haipepesi hata kidogo.

"Mvua inanyesha, na taa inawaka," alisema shemeji yake, dada mdogo wa mkewe. "Mnaona wenyewe."

Walimu wa chuo waliminyana mezani kama wanaogombea chai. Shemeji alikuwa amepanga juu ya paa vipande vya kauri vya aina ile inayotoa cheche kwenye kiberiti cha gesi. Tone likigonga, kipande kinatoa umeme kiduchu. Matone yakiwa maelfu, umeme unashuka kwa waya mpaka kwenye boksi, na boksi linawasha taa. Ndivyo alivyodai kwa miezi minane, na kwa miezi minane Bwana Kanuni alimcheka.

Kicheko kilimkauka wiki iliyopita. Mkuu wa chuo alitangaza kwamba jaribio likifaulu, karakana itakabidhiwa shemeji, na Bwana Kanuni atahamia stoo. Stoo, jamani! Miaka kumi na tisa ameiongoza karakana ile, wanafunzi wakimwita Kanuni kwa jinsi alivyowakaba na sheria zake, leo akagawe misumari! Tena apokonywe na nani? Na mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika bisibisi.

Tangu siku hiyo nyumbani hakukukalika. Mkewe alikuwa katikati, anasikia matusi ya pande zote mbili.

"Mungu akipenda, mvua yako itakatika," Bwana Kanuni alimwambia shemeji mbele ya sahani za chakula.

"Ikikatika nitakuweka wewe chini ya paa, shemeji, uongee. Mate yako hayana kiangazi."

Alimchukia. Alichukia hata jinsi alivyotafuna.

Sasa alikodolea macho ile taa, na kichwa kikaanza kufanya kazi. Waya umekatwa. Taa inawaka. Kwa hiyo umeme hautoki juu ya paa. Kumbe! Kumbe huyu mwanamke ni tapeli! Ameficha betri mahali, anawachezea shere watu wazima na vyeti vyao!

Moyo ulimruka kwa furaha. Stoo akae nayo mwenyewe, tena afukuzwe kabisa!

Mkuu wa chuo alimtazama. "Bwana Kanuni, uko kimya leo. Huna la kusema?"

"Ninalo!" Alisimama hata kiti kikaanguka. "Huu ni wizi wa mchana kweupe! Hiyo taa haiwashwi na mvua!"

"Maneno mazito hayo. Una uhakika?"

"Asilimia mia! Nendeni mkafungue bomba la pili kutoka ukutani. Waya umekatwa humo ndani, ncha zimeachana upana wa kidole! Umeme utapitaje hapo? Utaruka? Ana betri huyu, mkagueni chini ya meza!"

Hakuna aliyekwenda kufungua bomba. Hakuna hata aliyeinama chini ya meza. Mwalimu mmoja aliyekuwa ameegemea mlango alikohoa, akatazama pembeni.

Shemeji ndiye aliyeinama. Alitoa betri, akaiweka mezani mbele ya watu wote, akachomoa waya wake. Taa ikazimika.

"Asubuhi nilimwaga ndoo nzima ya maji juu ya paa, taa ikakataa," alisema. "Nikatafuta mpaka nikaona palipokatwa. Bomba nikalifunga vilevile, nikaleta betri, nikaenda kwa Mkuu."

Kisha akachukua koleo na kipande cha waya mpya, akamgeukia Mkuu wa chuo.

"Nilikuambia aliyeukata atasimama mwenyewe. Sasa nipe dakika tano niunge waya, tuanze jaribio."