Mkeka wa Majani ya Mshelisheli

Koleta aliuburuta mkeka wa wifi yake kutoka kivulini hadi juani, pamoja na majani ya mshelisheli yaliyoanikwa juu yake. Mtafiti wa dawa za miti aliyeyaagiza alikuwa amesisitiza: yakipigwa na jua, dawa yake inapotea.

Na ipotee. Wiki tatu sasa kijiji kizima cha Ndungu kinamsifu wifi kwa mti wa dawa, roho ikimuuma Koleta. Kwani mti ule ni nani aliyeupanda, kama si yeye?

Jua la tambarare halina subira. Majani yalianza kujikunja kingo.

Ndipo akakiona kikaratasi kwenye mfuko wa sampuli, mwandiko wa wifi: "Mwenye mti: Koleta."

"Wifi," sauti ya wifi yake ikaita nyuma yake, "mtafiti amefika. Anakuulizia wewe."