Jongoo Aenda Kuuza Hisa

Enzi zile wanyama walipochangia mzinga mmoja wa nyuki, Jongoo alitoa karanga zake zote akapata hisa moja. Hiyo ndiyo ilikuwa akiba yake ya uzeeni, na haikumpa raha hata siku moja.

Kiangazi kikaingia, maua yakakauka, nyuki wakapungua. Hisa ya karanga kumi ikashuka mpaka nne. Jongoo kusikia tu, moyo ukamwenda mbio, akashika njia ya gulioni akauze kabla mambo hayajaharibika kabisa.

Njiani Kindi akampita kama mshale, na yeye anakwenda kuuza yake.

"Kaka Jongoo, miguu yote hiyo na bado unajikokota? Utakuta maganda."

"Tangulia, nishikie foleni," Jongoo akamjibu, anahema.

Akasikia hisa imefika mbili. Akaongeza mwendo, miguu ikakanyagana, akaanguka, akainuka, akaanza upya. Mvua ikamkuta hapohapo njiani. Siku anaingia gulioni, maua yamejaa kila kona, nyuki wamerudi, na hisa inauzwa karanga kumi na tano.

Kindi alikuwa amekaa chini na karanga zake mbili.

"Kaka, una moyo wa jiwe. Sisi wote tuliuza, wewe ukatulia. Hebu nipe siri."

Jongoo akaitazama miguu yake, inamwaka moto.

"Nitulie wapi, ndugu yangu? Nilikuwa nakuja kuuza. Mungu angenipa minne kama yako, saa hizi tungekuwa tunalia wote."