Basi Lililokumbuka Njia

Sheria ilikataza kufuta kumbukumbu ya gari lolote. Kwa hiyo Masele alipolikata nyuma basi kuukuu la shule, ili libebe mgongoni nyumba ndogo ya familia yake wakatembee mbugani, akili ya basi aliiacha ilivyo.

Asubuhi ya safari, binti yake Kabula alirukia kiti cha mbele. Mama yake, Nyamizi, akapanda kumfunga mkanda. Milango ikajifunga.

“Mwanafunzi mmoja amepanda,” basi likasema, likaondoka lenyewe. Masele alilikimbiza akipiga mayowe.

Nyamizi alikanyaga breki kwa miguu yote miwili, wapi! Basi lilishuka bondeni hadi kwenye bwawa lililoizamisha shule zamani, likasimama magurudumu ya mbele yakiwa majini. Mlango ukafunguka, basi likasema:

“Tumefika. Shuka, mwanangu.”

Kabula, mtoto msikivu, akainuka. Nyamizi akamkwapua, akaruka naye majini, akapanda naye ukingoni. Masele akawafikia, hana pumzi.

“Kesho asubuhi nitampitia nyumbani,” basi likasema kwa upole.

Nyumba yenyewe ilikuwa mgongoni mwake. Hakuna aliyethubutu kwenda kumchukulia Kabula hata nguo kavu.