Farasi Aliyegoma Njia Panda

Farasi aligoma kwa mara ya tano pale njia panda ya korongo, akasimama kama kigingi kwenye theluji iliyomfika magotini.

Burulkan alimpiga visigino. Farasi akazunguka palepale, akainua kichwa kuelekea korongoni, akalia kilio kirefu kilichomtetemesha mpandaji hadi kifuani. Korongo likairudisha sauti ile, nyembamba, mara mbili.

"Lia tu," Burulkan akamwambia. "Wenzako wako zizini wanakula nyasi kavu. Mimi wangu ni mmoja, na sijui wamemfanya nini."

Alfajiri ile binti yake, Asylkan, wa miaka kumi na tisa, alikwenda kuchota maji. Hakurudi. Ndoo ilikutwa imelala njiani, na nyayo za farasi wawili zimeizunguka. Mama yeyote wa kule anaijua maana yake: msichana ameibwa aolewe. Ukimkuta bado kichwa wazi, unamshika mkono mnaondoka. Akishafungwa kitambaa cheupe cha bibi harusi, hata wajomba zake wataona aibu kumpokea.

Simu ya binti ilikuwa imezimwa. Magari hayapiti. Ikabidi Burulkan aende kwa shemeji yake, Toktobek, mdogo wa marehemu mumewe, kuomba farasi. Toktobek hakuuliza mara mbili. Alisema huyo ni Eldos wa Koktash, si ndiye aliyekuwa akimtumia binti salamu kila siku ya soko? Angekwenda mwenyewe, ila mgongo ulikuwa unamsumbua.

"Huyu mwekundu ana wazimu wa kundi, shemeji," akasema akimkazia tandiko. "Peke yake hatembei. Akigeuza shingo, mchape. Usimwachie hatamu hata kidogo."

Njia nzima Burulkan aliyatafuna maneno yale. Zizi lina farasi kumi na moja, kwa nini apewe huyu? Vuli Toktobek alileta posa ya mpwa wa mkewe, yeye akaikataa mbele za watu, na tangu hapo salamu za shemeji zilikuwa za juujuu. Amempa mkaidi makusudi, achelewe, aadhirike. Haya. Tutaona.

Akamchapa. Hajawahi kumchapa mnyama namna ile. Farasi akaliacha korongo akiwa bado ameligeuzia shingo, masikio yamesimama, akashuka barabara ya Koktash akitembea upande upande kama mlevi.

Saa saba walifika. Eldos alikuwa uani, mguu mmoja kwenye plasta hadi gotini, anachambua viazi na mama yake.

Burulkan hakuamini mguu ule. Hakuamini chai wala maandazi aliyowekewa. Alifungua chumba kwa chumba, akainua magodoro, akachungulia banda la kondoo. Mama Eldos alimfuata nyuma amejishika kiuno.

"Fungua na sanduku la nguo, dada," akasema. "Labda tumemkunja tukamweka humo. Mwanangu wiki ya tatu hii haendi hata chooni bila kushikwa. Nani kakuleta kwangu?"

Burulkan akamtaja Toktobek.

Kurudi, jua lilishaanza kuegemea mlima. Burulkan alikuwa hana tena nguvu ya kumpigania mnyama. Vidole vimekufa ganzi, mjeledi umedondoka sijui wapi. Akafikiri, basi, akimbilie kundi lake, anifikishe nyumbani nikamshike Toktobek koo. Akamlegezea hatamu.

Farasi akatembea vizuri, kisha akakimbia. Kufika njia panda hakufuata njia ya zizini. Aliingia korongoni moja kwa moja, kichwa juu, mpaka kwenye kibanda cha kiangazi cha Toktobek, ambacho baridi ikianza hufungwa kwa mbao. Mbao zilikuwa zimeondolewa. Bomba lilikuwa linatoa moshi.

Farasi akalia. Nyuma ya kibanda akajibu mwenzake, farasi jike mweupe wa Toktobek, sauti nyembamba, mara mbili.

Mlango ukafunguliwa, akatoka Asylkan, kitambaa cheupe kimefungwa hadi kwenye nyusi.

"Asubuhi nilimsikia huyu farasi akiita pale njia panda, nikajua umenifuata," akasema. "Mama, mbona ulipita?"