Bango la Safu ya Pili

Kabla ya kumtafuta adui yake, Nge alitafuta bango.

Lilikuwa palepale, safu ya pili, karibu na kona nyekundu: kipande cha boksi la zamani, kingo zake zimeshikizwa kwa gundi ya karatasi, maandishi meusi makubwa. MVUENI NGE BARAKOA! Aliyelishika alikuwa Maricruz, binti wa miaka tisa mwenye mikia miwili ya nywele. Kando yake bibi yake, Eufemia, alitafuna karanga za pilipili na kutukana kwa raha zake.

"Nge mchafu wee! Hata mkwe wangu mlinzi, legelege kama tambi, angekutoa meno!"

Ndani ya barakoa, mkwe wake alisikia kila neno.

Hilario Cuautle alikuwa amemsihi mkewe amzuie mtoto nyumbani, leo tu. Lakini nani wa kumzuia Bibi Eufemia asiende kwenye mieleka Jumapili? Hata misa alikuwa akiikimbia kabla ya baraka ya mwisho.

Miaka minne sasa Maricruz alikuwa akiambiwa kwamba baba yake analinda kinu cha unga. Ndivyo desturi ilivyotaka: jina la mwenye barakoa hulijua mkewe, mwenye ulingo na wanamieleka wenzake, basi. Mtoto ana mdomo, na shule ina masikio. Kisha Hilario akamwona anavyomzomea Nge kuliko watoto wote wa jiji la Puebla, na hata angeruhusiwa kusema, asingethubutu. Utamwambiaje mtoto kwamba huyo anayemchukia ndiye anayemsuka nywele asubuhi?

Akirudi anachechemea, alisingizia magunia. Maricruz hakuuliza gunia gani. Alichemsha maji, akaloweka kitambaa, akaanza na goti la kulia, ambalo ndilo lililokuwa likimuuma. Kisha akaenda kulala karibu na bango lake, alilokuwa akiliegemeza ukutani, maandishi nje, wala haruhusu mtu aliguse.

Leo ilikuwa barakoa kwa barakoa, Nge na Tai wa Fedha. Atakayeshindwa anavuliwa hapohapo, anataja jina lake na kwao, na ile barakoa haivai tena maisha yake yote. Nchi nzima ilikuwa imelipia kutazama kwenye televisheni. Alhamisi mwenye ulingo alikwisha kuamua: "Wewe ndiye wa kuvuliwa, Hila. Watu wamengoja miaka minne Tai akufunue." Naye akakubali. Lakini kukubali ofisini ni kitu kimoja, na kuliona lile bango ni kitu kingine.

Kila mmoja alikuwa amekwisha kuanguka mara moja. Huu ulikuwa mwereka wa tatu na wa mwisho. Tai wa Fedha aliruka kutoka juu ya kamba. Nge akamdaka, akamtandika chini, akambana mabega. Mwamuzi akapiga sakafu kwa kiganja, akaanza kuhesabu tatu za ushindi. Moja. Mbili. Tai akachomoka kwa taabu.

"We, unafanya nini?" Tai alimnong'onezea, wameshikana shingo. "Sivyo tulivyokubaliana!"

"Niachie mimi nishinde leo, ndugu yangu."

"Umerukwa na akili?"

"Binti yangu yuko pale. Yule mwenye bango."

Tai akachungulia juu ya bega lake. "Mungu wangu! Yule mchawi mdogo? Wako?"

"Wangu."

Tai alikuwa akihema kama mvukuto. "Mimi nina miaka hamsini na mbili, Hila. Nikivuliwa leo, kesho nauza ndimu sokoni. Lakini nguvu za kukuzuia sina. Amua mwenyewe."

Kweli hakuwa nazo. Hilario aliusikia mwili wa mwenzake ukitetemeka mikononi mwake. Akamgeuza, akamlalia kifuani. Uwanja mzima ukasimama.

Moja.

Katika kelele zote zile, sikio la baba lilichagua sauti moja, imekauka, inakaribia kulia. "Mvueni! Jamani, mvueni! Mvueni!"

Mbili.

Mikono ikamlegea, kama mtu aliyekatwa mshipa. Tai akabiringika, na mara aliyekuwa juu akawa chini. Hilario alizitazama taa za dari, akahesabu pamoja na mwamuzi. Moja. Mbili. Tatu.

Akapiga magoti katikati ya ulingo. Tai mwenyewe ndiye aliyefungua kamba za kisogoni, moja baada ya nyingine, polepole, kama anayemvua marehemu viatu.

"Nisamehe, ndugu yangu."

Hewa ikampiga usoni. Kamera zikamsogelea. Akafumba macho, akapokea kipaza sauti.

"Naitwa Hilario Cuautle. Kwetu Cholula. Nimepigana mieleka miaka kumi na sita."

Karanga zilisikika zikimwagika sakafuni. "Bikira wa Guadalupe!" Bibi Eufemia alipiga ukelele. "Mkwe wangu!"

Watu elfu nane walimtazama mtu asiye na uso wa kuwatazamia. Hilario alingoja sauti moja tu, imlaani yaishe. Haikuja. Akafumbua macho, maana hakuna baba anayeweza kuyafumba milele.

Maricruz alikuwa amesimama juu ya kiti. Hakuwa akilia. Alikuwa akiligeuza bango.

Upande wa pili, ule uliozoea ukuta, kulikuwa na maandishi ya mtoto wa miaka mitano, herufi nyingine zimepinduka, wino umefifia: HUYU NI BABA YANGU.