Kahawa Elfu Moja na Tisa

Shemeji mkubwa alipiga hesabu tena kwa simu, halafu akamwangalia Murugi, mjane wa ndugu yake, kama aliyeibiwa kuku.

Mashemeji wa Murugi walikuwa watatu, na hawakuaminiana. Ndiyo maana waliapa mbele ya mama yao: shamba la marehemu litagawanywa kwa miti ya kahawa, sawa sawa, bila hata mti mmoja kubaki. Wakishindwa, mjane akae nalo.

Msimu uliopita miti ilikuwa elfu moja na nane, namba tamu, unaikata kama mukimo wa viazi sahanini. Leo ilikuwa elfu moja na tisa. Kwa watatu, mmoja ulibaki. Wakamwongeza mama, wakawa wanne: mmoja. Wakaita mashangazi, wakafika saba: mmoja.

"Ongezeni watu," Murugi akasema. "Hiyo namba nimeijaribu kila njia. Haigawanyiki."

"Basi tung'oe hii kahawa ndogo! Si imepandwa juzi?" shemeji mkubwa akafoka.

Udongo mwekundu ulikuwa bado chini ya kucha za Murugi. Akampa jembe.

"Ng'oa, shemeji. Lakini piga hodi kwanza. Iko juu ya kaburi la ndugu yako."

Shemeji akalishika jembe. Mama yake alikuwa anamwangalia.