Nani Atatumia Kompyuta Hii?

"Nikuwekee Windows ipi, mama? Vista ndiyo mpya, na laptopu ya gemu kama hii inaiweza. Ila wengine bado wanataka XP."

Mama alimtazama fundi kwa macho mazito ya kukosa usingizi. Tangu mwanawe aanguke na pikipiki kwenye barabara ya Msimbati, alikuwa amechagua hospitali, dawa na waganga. Kijana mwenyewe alikaa kando yake kwenye benchi. Miezi yote hiyo hakumjua mtu, hata yeye aliyemzaa.

"Fundi, mie nishachoka kuchagua," akasema. "Weka ile aliyoizoea huyu mwanangu. XP."

Fundi akaiweka. Mwishoni kioo kikauliza, kwa Kiingereza, nani atatumia kompyuta hii, na chini yake mistari ya kuandika majina. Kabla fundi hajagusa kitu, mkono wa kijana ukainuka kutoka mapajani, kovu likiwa limeukunja kuanzia kiwikoni. Kidole kimoja kikabonyeza herufi, polepole, mpaka jina lake mwenyewe likatimia.

"Alhamdulillahi," mama akanong'ona, machozi yakimlenga.

Kidole hakikukoma. Kilishuka mstari wa pili, kikaandika: Zuberi.

Huyo ndiye rafiki aliyecheza naye gemu kila jioni, na ndiye aliyekuwa amepakiwa nyuma ya pikipiki siku ile. Walimzika Likombe, na hakuna aliyekuwa amemwambia kijana.

Kijana akatazama mlangoni. Kisha akajisogeza kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja.